Kadi ya Picha ya Nyaketcho

Wiki ya kwanza baada ya kuacha kazi nilikuwa bado natoka nyumbani Dabani kwenda kuchuma mboga nikiwa na bisibisi mfukoni mwa gauni. Mikono haijui kustaafu. Kisha ninyi mliobaki dukani mkanipigia simu kuniuliza kama mashine fulani ya mteja itakubali kadi mpya ya picha, kile kibao cha kuichorea monita picha. Niliwaeleza mpaka salio lenu likaisha, nikaona heri niketi chini niandike. Msitafute humu habari za vyeo. Duka letu halikuwa na cheo. Kulikuwa na aliyefika mapema na aliyefagia.

Kazi nilijifunzia Tororo, kwa Mzee Othieno. Alikuwa Mjapadhola mrefu, fundi wa redio tangu ujana wake, aliyeingia kwenye kompyuta kwa sababu watu walianza kumletea, naye hakujua kumrudisha mtu na mzigo wake. Mimi ni Msamia, lakini nilisoma upande wa Kenya kwa shangazi yangu. Wateja wa Tororo walinicheka kwamba Kiswahili changu kimevaa viatu. Chao kilitembea peku, 'unaona' na 'anaona' vyote vikawa 'naona' tu, na mara nyingi kilifika kabla ya changu.

Siku ya kwanza Mzee hakunipa bisibisi. Alinipa burashi ya kupakia rangi na kompyuta iliyotoka kwenye ofisi moja yenye vumbi jeupe la saruji, akaniambia niisafishe. Nilianza kufuta kama anayefuta meza. Akanishika mkono.

"Usifute kwanza," akasema. "Angalia. Vumbi limekaa wapi sana? Hapo ndipo hewa napita. Pale pasafi, hewa haifiki. Hiyo sehemu safi ndiyo itaungua."

Nilikaa na burashi ile muda mrefu kuliko nilivyotaka. Baadaye akaniruhusu kushika mita ya umeme, kisha bisibisi, kisha, baada ya kuniangalia sana, mteja. Mteja ndiye alikuwa mgumu. Mzee alinikataza kumwuliza mtu anataka kununua nini. "Mwulize anafanya kazi gani na hiyo mashine, na nini kinamsumbua. Halafu funga mdomo. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Akifungua mdomo mara ya pili, hapo ndio anasema ukweli." Yeye mwenyewe aliweza kunyamaza mpaka mteja akaanza kusimulia habari za ndoa yake. Nilifikiri ni uzee. Kumbe ni ufundi.

Alipofariki nilihamia Busia nikafungua benchi langu, si mbali na foleni ya malori. Wakati huo kompyuta zilizotumika maofisini huko nje zilikuwa zinaingia kwa wingi, zimefungwa na mwenye kiwanda, kila kitu ndani kimepangwa tayari. Watu waliziita sipiyu, kasha zima, ingawa hiyo sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kinachoweza kukaa kwenye kiganja. Nilijaribu kuwasahihisha mwaka mzima. Kisha siku moja nikajisikia mwenyewe nikimwambia mteja, "Lete sipiyu tuione," nikaacha ugomvi huo.

Mashine hizo ni imara. Lakini aliyezitengeneza hakufikiria kwamba kuna siku mtu wa Busia atataka kuongeza kitu. Kwa hiyo kijana akija na kadi mkononi, bado imo kwenye boksi lake inang'aa, msiitazame kadi. Tazameni kasha. Je, ni pana au ni lile jembamba linalolala chini ya monita? Kadi ndefu haiingii kwenye kasha jembamba hata ukiomba. Pimeni kwa rula ya chuma kutoka nyuma ya kasha mpaka kitu cha kwanza kitakachoizuia, ambacho mara nyingi ni kikapu cha diski. Angalieni kama ile nafasi ndefu ya kuchomekea kwenye bodi kuu ipo na iko wazi. Kisha ondoeni mfuniko wa upande msome lebo ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, si kwa kukisia, kwa tochi. Kadi kubwa zinataka waya wao wa umeme, wenye pini sita au nane, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo kabisa. Kijana atasema, "Tubadilishe pawa saplai." Sawa, lakini tazama kwanza: viwanda vingine hutumia umbo lao na plagi zao wenyewe, na ile unayoipata dukani haitaingia wala kuunganika. Mwisho angalieni prosesa, ile sipiyu halisi. Kadi kali juu ya prosesa iliyochoka ni kama kumfunga ng'ombe mmoja mchanga na mmoja mzee kwenye jembe moja. Shamba litalimwa kwa mwendo wa yule mzee.

Hayo yote mnayajua, au mtayajua. Nataka kuwasimulia ile kazi iliyonifundisha kwamba hayatoshi.

Kulikuwa na mume na mke, Emojong na Nyaketcho, waliokuwa wakipiga video za harusi na mazishi kuanzia Tororo mpaka Majanji ziwani. Emojong alishika kamera. Nyaketcho aliketi nyumbani akikata na kuunga. Mwenye kamera ndiye aliyeonekana na watu, akipewa soda na kiti cha mbele, lakini sisi tuliozitazama zile video tulijua kazi ilikuwa ya nani. Katika video za mazishi za Nyaketcho hukuona mtu akipangusa kamasi. Alijua kukata kabla mtu hajaaibika. Mjane akianza kuanguka, picha ilihamia kwa wanakwaya, na iliporudi alikuwa ameshashikwa.

Asubuhi moja alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka akiwa amepakata kompyuta yake kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Mama Taaka," akasema, maana Taaka ni binti yangu, "bwana nasema mashine iwekwe kadi ya picha. Ndugu yake naleta kutoka Nairobi. Wewe angalia kama itakubali."

Nikamwuliza kama nilivyofundishwa: unafanya nayo nini, na nini kinakusumbua?

"Video inaruka-ruka. Nikicheza, inasimama, inaruka. Sioni vizuri mahali pa kukata." Akanyamaza. Nikanyamaza. Nje dereva wa lori aligombana na mtu juu ya mahali pa kuegesha, wakamaliza, na sisi tulikuwa bado tumenyamaza.

"Na hiyo kadi," akasema hatimaye, "itafanya picha iwe wazi zaidi? Hata kwa mtu... hata kama macho si mazuri?"

"Macho ya nani?"

Alishika ncha ya kitenge akaikunja. Mama yake, akaniambia, alikufa akiwa kipofu. Alianza kwa kumwaga chai nje ya kikombe. Na yeye Nyaketcho siku hizi kazi ilikuwa inaharibika. Watu wa harusi moja ya Busitema walirudisha video wakilalamika kwamba shangazi wa bibi harusi amekatwa nusu. Emojong alikuwa amepata habari za kijana mmoja ng'ambo, Busia ya Kenya, anayekata video haraka, na alikuwa ameanza kumtaja wakati wa chakula.

"Umemwambia Emojong kuhusu macho?"

"Nimwambie nini? Macho ndio jembe langu."

Niliiwasha mashine. Nikafungua kazi aliyokuwa nayo, mazishi ya mzee mmoja Majanji, nikaicheza. Kwaya ilikuwa inaingia uwanjani. Walipiga hatua mbili, wakaganda, kisha ghafla wakawa wamefika mbele bila kutembea.

"Inaruka," nikasema.

Alinigeukia. "Wewe pia naona?"

"Naona. Hata kipofu angesikia, wimbo wenyewe unakatika."

Alinishika mkono kwa nguvu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mwuza chapati wa jirani akachungulia kuona tumepata nini. "Ni mashine," alisema tena na tena. "Mimi nasema ni macho, kumbe ni mashine!" Nilicheka naye. Furaha ya namna ile huambukiza, na alichokiona kilikuwa kweli: mashine ilikuwa haiwezi ile kazi. Picha zote zilitegemea kile kijisehemu kidogo ndani ya prosesa, na kamera mpya ya Emojong ilikuwa inatoa video nzito mno.

Lakini kasha lilikuwa jembamba. Nilimwambia kadi yoyote isinunuliwe mpaka niseme, akaitikia. Emojong hakuwa na habari, na kadi ilikuwa imeshanunuliwa. Siku iliyofuata alikuja yeye mwenyewe na mkewe, akiwa na boksi kutoka Nairobi, kubwa kama la viatu, amelibeba mbele ya kifua.

Nilimwonyesha. Sikumwambia kwa mdomo tu, nilifungua kasha nikaiweka kadi juu yake ili aone inavyozidi, kwa urefu na kwa kimo. Nikamwonyesha pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada, na plagi zake ambazo si za kawaida.

Emojong ni Mteso mwenye subira akiwa nyuma ya kamera. Mbele ya fundi si hivyo. "Tukate bati," akasema. "Kadi itokeze juu. Pawa saplai nyingine tuweke pembeni, mezani."

"Iwe wazi hivyo na vumbi la malori haya?"

"Tutafunika na kitambaa."

"Ukiifunika itaungua. Usipoifunika itajaa mchanga. Chagua kifo."

Hakucheka. Alimtazama mkewe aliyekuwa kwenye benchi la wateja. "Basi. Kama mashine haiwezi, kazi nitapeleka kwa yule kijana. Harusi za Desemba hazitangoji."

"Mimi naweza," akasema Nyaketcho. "Mashine ndio inaruka. Mwulize Mama Taaka."

Emojong akanigeukia, nami nikasema ndiyo, inaruka, na nikamwomba anipe ile kadi kubwa. Kulikuwa na fundi mwenzangu ng'ambo aliyekuwa na kadi fupi, zile zenye bamba la chuma la kimo cha chini, zisizotaka waya wowote kwa sababu zinakunywa umeme kutoka kwenye bodi yenyewe. Si kali. Mpenda michezo ya kompyuta angeitazama kwa huruma. Lakini ilitosha kwa kazi ya Nyaketcho, ingeingia ndani ya kasha lake, na pawa saplai yake ingeibeba bila kulalamika. Nilivuka na boksi lile kubwa nikarudi na kadi fupi ndani ya bahasha, tumebadilishana. Emojong aliiangalia ile kadi fupi kama mtu aliyepeleka ng'ombe mnadani akaletewa mbuzi.

Kuifunga ni kazi ndogo. Unachomoa waya wa ukutani, unabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, unagusa chuma cha kasha, unaingiza kadi mpaka usikie kale kamlio. Kisha hamisheni waya wa monita kutoka kwenye tundu la zamani mpaka kwenye kadi. Msicheke. Nusu ya watu walioniletea kadi wakisema ni mbovu walikuwa wamesahau hilo tu.

Ilipowaka na kukubali programu zake, ningeweza kusema kazi imekwisha. Mzee Othieno hakuwa anaruhusu hivyo. Mteja lazima aketi kwenye mashine afanye kazi yake mwenyewe mbele yako, kwa sababu taa kuwaka si uponyaji. Basi nikamketisha Nyaketcho. Emojong alisimama nyuma yake. Akafungua yale mazishi ya Majanji.

Kwaya iliingia ikitembea. Kila hatua. Mavazi yao yalipepea kwa upepo wa ziwa, na wimbo ukaenda moja kwa moja bila kukwama.

"Eeh!" akasema Emojong, na mkono wake ukatua kwenye bega la mkewe. Nadhani hakujua kwamba ameuweka pale. Nyaketcho alikuwa anatabasamu mbele ya kioo cha monita. Alicheza, akasimamisha, akarudisha nyuma, vidole vyake vikikumbuka raha ya kazi.

"Huyu mama wa kiti aliniharibia picha," Emojong akasema, karibu kwa utani. "Na wewe hukumkata."

"Mama gani?"

"Huyo."

"Wapi?"

"Huyo hapo, Nyaketcho. Kushoto. Anapita na kiti."

Mimi nilimwona. Mwanamke mzima, gauni la gomesi la manjano, kiti cha plastiki kichwani, anapita upande wa kushoto wa picha polepole kabisa. Picha ilikuwa haina mruko hata mmoja. Nyaketcho alikuwa anawakodolea macho wanakwaya katikati. Kisha akageuza kichwa, kichwa chote, kama mtu anayeangalia nyuma ya mlango.

"Ah," akasema. "Huyo."

Emojong alinyoosha mkono akasimamisha video. Yule mama akabaki amesimama na kiti chake kichwani.

"Tangu lini?" akauliza.

Nyaketcho alinitazama mimi. "Mama Taaka, wewe nasema ni mashine."

"Ilikuwa mashine," nikasema. "Ilikuwa mbovu kweli. Sasa ni nzima."

Nimesema maneno mengi kwa wateja katika miaka yangu, mengine ya kujitapa, mengine ya kufariji. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazito kuyatoa mdomoni. Nilitamani video iruke hata mara moja.

Nyaketcho akafunika uso kwa viganja. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, ndani ya viganja vyake, kwamba mama yake alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni, na kwamba kijana wa ng'ambo basi achukue kazi.

"Wacha kijana," akasema Emojong.

"Harusi za Desemba..."

"Nasema wacha kijana." Alivua koti lake la pikipiki akamvalisha mkewe, akafunga zipu mpaka juu kama unavyomfungia mtoto. Kisha akaniambia, kwa ile sauti ya mtu wa kamera anayetaka watu wasogee, "Mama Taaka, mashine ibaki hapa. Sisi tunaenda Tororo kwa daktari wa macho."

Waliondoka vile vile, bila kufunga programu. Mimi ndiye niliyemzima yule mama wa kiti.

Walirudi kuchukua mashine baada ya siku kadhaa. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza, kimya kimya, mpaka mtu anabaki anaona dunia kama kupitia bomba. Daktari aliwaambia ukweli: kilichopotea hakirudi. Lakini kilichobaki kilikuwa kingi, na dawa ya matone, ikitiwa kila siku bila kuruka, ingekilinda. Alimwambia pia kwamba wengi huja wakati hakuna tena cha kulinda. Alipouliza nani amewatuma, Emojong alisema fundi wa kompyuta, na daktari akafikiri hakusikia vizuri.

Nyaketcho alinisimulia hayo akiwa amesimama karibu na mlango. Sikujua kama amenikasirikia. Nilipomkabidhi mashine alishika kasha kwa mikono miwili, akaniambia, "Ile siku nilicheka hapa, nililala vizuri usiku mmoja. Mmoja tu. Lakini nililala." Kisha akaomba nimfungie waya vizuri.

Tangu hapo nilianza kufanya jambo moja ambalo ninyi mliniona nikilifanya mkadhani ni udadisi wa mama mzee. Mteja akiketi kujaribu mashine, mimi siangalii kioo. Kioo nimeshakiangalia. Ninamwangalia yeye: anainamaje, anageuza shingo wapi, kidole kinatafuta nini. Mara nyingi hakuna kitu, ni mtu tu anayetaka kwenda nyumbani. Endeleeni kuangalia.

Kabla sijaacha kazi nilipita kwao kusalimia. Mchana ulikuwa wa joto, mlango uko wazi, na walikuwa kazini, harusi ya watu fulani. Monita ilikuwa imesogezwa upande wa kulia wa meza, ambako macho ya Nyaketcho bado yalifika. Nyaketcho alikuwa kwenye kiti chake. Emojong, ambaye zamani hakuwahi kukaa chumbani wakati wa kukata video, alikuwa ameketi kushoto kwake kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, akitazama ile sehemu ya picha ambayo mkewe hakuwa nayo tena. Hawakunisikia nikiingia.

"Mtoto anatokea," akasema. "Upande wangu. Anakimbia, hana viatu. Naenda kwa bibi harusi."

Kidole cha Nyaketcho kilikuwa kwenye kitufe cha kukatia.

"Anacheka?"

"Nacheka sana."

"Basi mwache aingie," akasema, akaondoa kidole.